Mama Alivyohesabu Makonyezo ya Mita

Mama yangu alipima umeme wa nyumba yetu, chombo kimoja baada ya kingine, kwa macho yake na saa ya ukutani. Nikilisema hili mbele ya watu wasiotujua, hunitazama kama mtu anayetia chumvi. Kwa hivyo nimeona niliandike lote kama lilivyokuwa. Nilikuwepo, na daftari tuliloandikia bado ninalo.

Nyumba yetu iko Tibirinzi, Chake Chake. Marehemu baba aliijenga kidogo kidogo, chumba kimoja msimu huu wa karafuu, kingine msimu ujao, ndiyo maana hata kuta zake hazilingani. Tulikuwa watu wazima wanne: mama, kaka yangu mkubwa ambaye ni karani wa serikali, mkewe, na mimi. Watoto wao wawili walikuwa wadogo, wameanza skuli mwaka ule. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kuachwa huko Wete. Nilirudi na sanduku la nguo, kitanda, na friza kubwa la kufunguliwa kwa juu, nililolinunua kwa pesa zangu za ushoni. Friza hilo ndilo lililokuwa likinilisha. Niligandisha maji ndani ya ndoo na mifuko, na asubuhi wachuuzi wa samaki wakipita kuchukua barafu, hasa mmoja wa Wambaa aliyekuwa akija na pikipiki yenye kreti nyuma. Mchana nikiuza malai ya ubuyu, barafu tamu za kunyonya, kwa watoto wanaotoka skuli.

Mita yetu ni ile ya kununua umeme kwanza ndipo uutumie. Unanunua kwa simu, unaletewa tarakimu, unazibonyeza, yuniti zinaingia. Imetundikwa ukumbini, pembeni ya mlango wa mbele. Kazi ya kununua ilikuwa ya kaka, naye ndiye aliyekuwa akiikagua kila jioni akirudi kazini, kabla hata ya kuvua viatu. Tangu nirudi, nilikuwa nikiusikia mguno wake pale mlangoni. Yuniti zilizokuwa zikitutosha wiki mbili sasa zilikuwa zikiisha katika siku nane.

Siku moja ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alituita sote ukumbini.

"Mimi sina ugomvi na mtu," alianza. "Lakini nyumba hii ina mlaji mmoja anayetushinda. Friza lile linanguruma mchana na usiku. Dada yangu ananielewa, atafute mahali pengine pa kuliweka, au aliuze."

Mtu aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika huzungumza kwa sauti ndogo, na mimi nilikuwa nimeshaizoea sauti hiyo. Wifi yangu aliinamisha kichwa. Hakuwa amenitendea ubaya hata siku moja, lakini lile la mumewe hakutaka kuliingilia.

Mama alikuwa amekaa juu ya mkeka, ameegemea ukuta. Akauliza, "Umelipima?"

"Kupima nini, mama?"

"Hilo friza. Umejua vipi kama ndilo?"

"Mama, jambo hili linajulikana. Friza ni mlaji."

"Linajulikana na nani?"

Kaka alicheka kidogo, cheko la heshima. "Na kila mtu."

"Mie silijui," mama akasema. "Na mie ndiye ninayeshinda hapa. Nipeni siku nne. Baada ya hapo, kama ni friza, nitalitoa mie mwenyewe."

Kaka alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu siku nne si nyingi, na kwa sababu hakuna mtu katika nyumba yetu anayemkatalia mama jambo analolisema kwa upole.

Hapa inafaa niseme mama ni mtu gani. Hakusoma skuli zaidi ya darasa la tatu. Lakini katika ujana wake alikuwa mhesabu pishi katika kambi za karafuu. Wachumaji walikuwa wakirudi jioni na mapakacha yao, karafuu zinapimwa kwa pishi, na yeye anahesabu pishi za kila mtu huku watu arubaini wanazungumza, watoto wanalia, na fulani anamwita kwa jina. Walikuwa wakimjaribu makusudi, wakimwamkia katikati ya hesabu ili apotee. Alikuwa akiitikia "marahaba", akiuliza hali za nyumbani, kisha anaendelea pale pale alipoachia. Mchumaji aliyepunjwa alikuwa akimtafuta yeye amhesabie upya. Haya nilikuwa nikiyasikia tangu utotoni, lakini niliyachukulia kama habari za zamani tu, habari ambazo kila mzee anazo.

Jumamosi ile asubuhi nilikuwa nikipiga pasi sare za watoto ukumbini. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, anaitazama mita.

"Hebu izime hiyo pasi," akaniambia.

Nikazima.

"Iwashe."

Nikawasha.

"Njoo utazame hapa. Hiki kitaa chekundu ukiwasha pasi kinakonyeza haraka haraka. Ukizima, kinakonyeza kwa raha zake."

Nilisogea. Kweli, kwenye uso wa mita kuna kitaa kidogo chekundu kisichozidi punje ya mtama. Miaka yote ile nilikuwa nikikiona na sikuwahi kujiuliza kinafanya nini pale. Pembeni yake kulikuwa na maandishi madogo sana. Nilipanda juu ya kigoda nikayasoma kwa kutumia tochi ya simu. Yalikuwa ya Kiingereza, yenye vifupisho, nami nina cheti changu cha kidato cha nne, kwa hivyo nikayafumbua taratibu: makonyezo elfu moja ni yuniti moja.

Nilipomwambia mama, alikitazama tena kile kitaa. Kisha akasema, "Basi hiki ni pishi."

Tukaanza siku ile ile. Mpango ulikuwa wake: tuzime kila kitu ndani ya nyumba, tuwashe kimoja tu, yeye ahesabu makonyezo, mimi nitazame saa na kuandika. Uliposemwa ulikuwa mwepesi. Tulipozima kila swichi, kitaa kiliendelea kukonyeza, polepole, lakini kilikonyeza.

"Kuna kitu hakijalala," mama akasema.

Tulizunguka vyumba vyote. Nikakuta chaja ya simu ya kaka imebaki ukutani bila simu. Nikaichomoa. Kitaa kikakonyeza tena. Wifi akakumbuka televisheni. Alikuwa ameizima kwa rimoti tu, na alipoichomoa tukarudi mitani tukasubiri. Nusu saa nzima ikapita na kitaa hakikufanya kitu. Nyumba yote ilikuwa kimya, hata nikasikia kuku wa jirani wakiparua upande wa pili wa ukuta.

"Sasa tunaweza kupima," mama akasema.

Pasi ndiyo iliyotangulia. Katika dakika ya kwanza alihesabu makonyezo kumi na saba. Katika ya tatu kitaa kikasimama ghafla, mama akanigeukia akidhani macho yamemchezea. Nikatazama pasi: imepata moto wa kutosha, imejizima yenyewe. Baadaye ikajiwasha. Hapo tukajifunza kwamba kuna vyombo vya kupimwa kwa dakika moja na kuna vyombo ambavyo ukivipima kwa dakika moja utadanganyika. Mama akaamua kwamba kila chombo chenye tabia ya kufanya kazi na kupumzika tutakipima saa nzima.

Jagi la umeme la wifi lilitutisha. Makonyezo thelathini kwa dakika moja, kitaa kinakimbia hata midomo ya mama ikashindwa kukifuata, akawa anahesabu kwa kutikisa kidole. Wifi alikuwa amesimama nyuma yetu, na nilimwona uso unambadilika.

"Ndilo hili, mama?" akauliza.

"Maji yamechemka kwa dakika ngapi?"

"Nne," nikasema.

"Kwa siku unachemsha mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi huyu ni mgeni. Amekuja na makelele, kala, kaondoka. Mie namtafuta aliyehamia."

Tukaendelea. Televisheni ilikonyeza kama mara moja kwa dakika, na feni chini ya hapo. Taa ya chumbani kwa mama, ile nyeupe ya kisasa, ilikaa karibu dakika saba ndipo ikakonyeza mara moja, hata nikadhani mita imekufa. Nilikuwa nikiandika yote katika daftari la mistari: jina la chombo, dakika, makonyezo, na safu ya mwisho kwa siku nzima, ambayo niliifanyia hesabu mwenyewe kwa kuzidisha. Nilikuwa sijafanya hesabu ya namna hiyo tangu nimalize skuli, na niliona raha kuifanya.

Jumapili asubuhi ikawa zamu ya friza langu. Sikupata usingizi wa kutosha usiku wa kuamkia siku hiyo, nakiri. Tulizima vyote vingine, mama akakaa kwenye kiti, na mimi nikakaa chini na saa ya ukutani mapajani, tumeiteremsha ili niione vizuri. Friza lilinguruma dakika kumi na sita, likanyamaza, likanguruma tena. Katikati yule mchuuzi wa Wambaa akaja kutaka barafu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," akasema mlangoni.

"Marahaba. Hujambo? Samaki wapo?"

"Wapo, alhamdulillahi. Mnafanya nini?"

"Tunapima. Ngoja saa iishe, tukifungua sasa tutaharibu."

Akakaa barazani akasubiri. Saa ilipotimia nikamuuliza mama, na hakusita hata kidogo: "Hamsini na nne."

Nikazidisha. Kwa siku nzima, yuniti moja na kidogo. Nilirudia hesabu mara mbili. Sisi tulikuwa tukitumia zaidi ya yuniti saba kwa siku. Friza lilikuwa limeongeza, silikatai, lakini yuniti zile nyingine zilikuwa zikienda mahali pengine. Nilimpa mchuuzi barafu yake nikamwongezea kipande.

Kilichokuwa kimebaki ni friji la mama.

Friji hilo lilikuwa na historia. Kaka alipopata kazi, mshahara wake wa kwanza na wa pili hakuugusa. Aliuweka, akaongeza, akamnunulia mama friji kutoka Unguja. Lilikuja kwa meli mpaka bandari ya Mkoani, likapandishwa gari, na siku lilipofika watu wanne walilibeba kutoka barabarani. Majirani walikuja kulitazama. Mama alilitandika kitambaa cha kufuma juu. Tangu hapo, mtaa mzima ukawa unafuturu kwa maji baridi ya mama. Mara nyingi nilimsikia akimwambia mgeni, hata kabla hajaulizwa, "Hili kaninunulia mwanangu."

Tulilipima Jumatatu baada ya chai. Kitaa kilikonyeza. Baada ya sekunde ishirini hivi, kikakonyeza tena. Halafu tena. Nilingoja lijizime kama friza lilivyojizima. Robo saa ikapita, nusu saa, saa ikakaribia, na lilikuwa likinguruma vile vile bila kupumua. Nilimtazama mama usoni. Alikuwa akihesabu, midomo yake inakwenda, na macho hayakuondoka mitani.

"Saa imetimia," nikasema.

"Mia na thamanini na moja."

Sikuandika. Zaidi ya mara tatu ya friza langu. Kalamu ilikuwa mkononi, nami nilikuwa nikifikiri jinsi ya kumwambia kwamba tunaweza kuiacha safu hiyo wazi, kwamba friza lisemwe limeonekana dogo na basi, yatoshe.

"Mbona huandiki?"

"Mama, hili ni la kaka."

"Andika, mwanangu. Nimehesabu mie mwenyewe."

Nikaandika.

Jioni kaka aliporudi, mama alimngoja avue viatu, anywe maji, ndipo akamwambia. Hakupamba wala hakuzunguka. Alimwambia friza ni hamsini na nne, na friji ni mia na thamanini na moja. Kaka alilichukua daftari akalipitia ukurasa kwa ukurasa. Nilimwona akisimama kwenye mstari wa mwisho.

"Umekosea, mama," akasema taratibu. "Friji lile dogo. Haliwezi kulishinda friza lile."

"Inawezekana nimekosea. Kesho huendi kazini, sikukuu. Kaa uhesabu."

Asubuhi yake alikaa. Mama naye alikaa pembeni na ungo wa mchele, anachagua mawe, na kila mara akiinua jicho mitani. Kaka alipofika arubaini na kitu simu yake ikalia, akaitazama, akapoteza hesabu. Akaanza upya, na mimi nikaanza saa upya. Safari hii aliizima simu. Alihesabu kwa sauti, kama mtoto wa chuo cha Kurani, na hakuna hata mmoja wetu aliyecheka. Saa ilipokwisha alikuwa na mia na sabini na sita.

"Wewe una ngapi, mama?"

"Mia na thamanini."

"Kuna mahali nilipikicha macho," akasema. "Huenda nimeyapoteza manne." Kisha akaweka mikono magotini. "Basi ni friji langu."

"Friji ni langu," mama akamjibu. "Ulinipa. Na limenifanyia kazi miaka yote hii, na wewe nakuombea kila nikilifungua. Sasa limezeeka, na kuzeeka si aibu."

Kaka aliinuka akaenda jikoni. Akachukua karatasi, akaibana mlangoni mwa friji, akaivuta, ikatoka bila kushikwa kabisa. Raba ya mlango ilikuwa imekauka na kupasuka, baridi inatoka na joto linaingia, na mashine ndani inajitahidi bila kupumzika. Fundi aliyeletwa siku ya pili alisema hivyo hivyo. Raba ya aina ile haikupatikana Chake Chake wala Wete, na aliyeulizwa Unguja akasema friji za namna hiyo hazitengenezwi tena. Mwishowe kaka alilichomoa mwenyewe. Hakumruhusu mtu mwingine alibebe. Alilisukuma mpaka chumba cha nyuma, na leo ndani yake tunaweka unga na sukari, maana panya hawaliwezi. Kile kitambaa cha kufuma mama hakukiondoa.

Kwangu kaka hakusema samahani kwa mdomo. Lakini asubuhi iliyofuata alitoka nje mapema, akabeba ndoo zangu mbili za barafu mpaka kwenye pikipiki ya mchuuzi, na shati lake la kazini limelowa begani. Maji ya kunywa ya mama yalihamia kwenye friza langu. Na zile yuniti zilizokuwa zikiisha siku ya nane, safari ile zilifika siku ya kumi na tisa. Kaka ndiye aliyetangaza, mlangoni, viatu vikiwa bado miguuni.

Habari za mtaa hazihitaji kubebwa. Wiki haikwisha tukaanza kuitwa. Mama alikuwa akivaa buibui lake, mimi nachukua daftari na saa, tunakwenda. Tulipima nyumba ya fundi cherehani, tukapima ya muuza duka, tukapima ya binti mmoja aliyekuwa akimlaumu mumewe kwa televisheni, kumbe ni hita ya kuogea. Mama hakumwambia mtu auze kitu wala akitupe. Alikuwa akisoma hesabu, kisha anasema, "Sasa mnajua," tunaondoka.

Nyumba moja siisahau. Ni ya Bi mmoja anayefundisha watoto Kurani, mwanamke mjane anayekaa na wajukuu. Yeye alilalamika kwamba umeme wake unaisha na hana friji wala friza. Tulizima kila kitu. Tukachomoa kila plagi. Kitaa kiliendelea kukonyeza, kila baada ya sekunde chache, kama kuna pasi imewaka mahali. Tulitafuta mpaka chini ya vitanda.

"Hapa hakuna chombo," mama akasema, "na kuna kitu kinakula. Zima swichi kubwa, umwite fundi umeme. Na hao watoto wasitoke kwenda uani mpaka aje."

Fundi alikuja akafuata nyaya. Kulikuwa na waya wa zamani uliofukiwa ardhini kwenda kwenye jiko lililokwishavunjwa. Ulipita chini ya mahali watoto walipokuwa wakiogea. Alipoufukua tuliuona umeliwa, shaba iko wazi, na udongo umelowa. Fundi aliukata, akatutazama, akauliza nani aliyejua. Yule Bi akamwonyesha mama. Fundi akamwamkia mama upya, ingawa alikwisha kumwamkia alipoingia.

Siku zile nilitembea nyuma ya mama na daftari langu nikijiona mtu. Siwezi kulisema vingine. Umeme huu unatujia kutoka Tanga, unapita chini ya bahari, na watu wengi wameusomea, lakini Tibirinzi aliyeulizwa ulikuwa unakwenda wapi alikuwa mama yangu.

Si kila mtu aliamini. Mwalimu mmoja wa fizikia wa skuli ya sekondari, ambaye wanafunzi wake walikuwa wakinunua malai kwangu, alikuja kunisalimu akaniambia amesikia maneno. Alikuwa na kifaa kidogo cheupe cha kuchomeka ukutani. Chombo unakichomeka humo, na kifaa kinakuandikia kimetumia umeme kiasi gani.

"Ningependa kulinganisha," akasema. "Si kwa ubaya. Na kama Bi Mkubwa hatojali, nije na wanafunzi wachache."

Mama alisema waje, ila waje mchana, wale.

Walikuja wasichana kumi na mbili, mitandio yao myeupe, wakajaa ukumbini. Mwalimu akauliza tupime nini. Mama akasema tupime wali wao. Tuna sufuria ya umeme ya kupikia wali, mama akatia mchele na nazi na maji, mwalimu akaichomeka kwenye kifaa chake, na kifaa akakifunika kwa leso ili mtu asikisome. Mimi nilikuwa nimekwisha kuzima vyote, friza likiwemo. Mama akakaa kwenye kiti chake mbele ya mita.

Baada ya dakika chache wasichana wakaanza kuchoka, wakanong'ona. Mmoja akamuuliza mama, kwa adabu, kama macho hayamuumi.

"Hayaumi, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Tumbe, bibi."

"Tumbe najua watu wengi. Mama yako mzima?"

"Mzima."

Nilimwona mwalimu akimtazama mama kwa makini, akingoja apotee. Mama alimuuliza yule msichana habari za samaki, na za bibi yake, na kidole chake kikawa kinagonga gotini bila kusimama.

Baada ya dakika ishirini na tano hivi sufuria ikalia, wali umeiva. Nikaichomoa pale pale.

"Bi Mkubwa," mwalimu akasema, "umepata ngapi?"

"Mia mbili na tisa."

Mwalimu akaondoa leso, akainama. Akavaa miwani yake. Akampa kifaa msichana wa mbele akisome kwa sauti, na msichana akasoma: sifuri nukta mbili moja.

"Hiyo ni makonyezo mangapi?" mwalimu akawauliza wanafunzi wake.

Walipiga hesabu kwenye daftari zao. Yule wa Tumbe akatangulia kunyoosha mkono. "Mia mbili na kumi."

Mwalimu alikikunja kitambaa cha leso taratibu, akakiweka juu ya meza. "Kifaa changu hakionyeshi mpaka konyezo moja moja," akasema. "Kwa hivyo siwezi kusema Bi Mkubwa amekosea hata hilo moja. Bi Mkubwa, ulisoma wapi?"

"Kambini," mama akajibu. "Lakini mie nahesabu tu. Kuhesabu ni macho na subira. Anayejua hesabu ya siku nzima na ya mwezi ni huyu." Akanionyesha mimi kwa kidevu. "Muulizeni yeye."

Wasichana kumi na mbili wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika mwiko. Sikuwahi kusimama mbele ya darasa maisha yangu yote, na sauti yangu ile ndogo niliyorudi nayo kutoka Wete niliitafuta nisiipate. Niliuweka mwiko, nikafungua daftari, nikawaonyesha safu zangu: chombo, dakika, makonyezo, siku. Nikawaeleza kwa nini pasi haipimwi dakika moja. Nikawaeleza mgeni na aliyehamia, kwa maneno ya mama. Waliandika. Waliuliza maswali, nikayajibu yote isipokuwa moja, na hilo mwalimu naye hakulijua.

Baadaye tukawapakulia wali kwa samaki, changu wa Wambaa, wakala katika masinia matatu. Kabla ya kuondoka mwalimu aliniomba daftari akalitoe nakala kwa ajili ya skuli. Nilimpa. Nilimwambia alirudishe kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi tunatakiwa kwa muuza mikate kupima oveni yake, na ile hatutaimaliza kwa siku moja.